"Mzima kuliko mimi yule": nani anastahili jina lake kuandikwa?

Ndugu Mshauri,

Salamu kutoka Newala, mkoani Mtwara. Mimi ni mjumbe wa kamati ya kijiji. Mwezi ujao mkutano wa hadhara utapitia majina ya kaya zinazoombewa kuingia katika mpango wa TASAF (Mfuko wa Maendeleo ya Jamii) wa kunusuru kaya masikini, na siku hiyohiyo mtendaji atatangaza habari za mikopo ya halmashauri. Majina manne yameshazua maneno vijiweni, na kazi ya kuyasimamia nimepewa mimi.

La kwanza ni kijana wa miaka 31 mwenye kifafa, anaishi kwa wazazi wake. Huanguka mara mbili au tatu kwa mwezi. Siku nyingine unamkuta anapalilia kama watu wengine, ndiyo maana wanasema, "Mzima kuliko mimi yule, mvivu tu."

La pili ni mama aliyepata polio utotoni, mguu mmoja haufanyi kazi. Ana genge la kuuza unga, sukari, sabuni na dagaa. Anataka mkopo wa watu wenye ulemavu. Watu wanasema ana duka, awaachie wenye shida.

La tatu ni mzee wa miaka 63 aliyepata kiharusi, upande wa kulia umepooza. Anakaa na mkewe na wajukuu wawili katika nyumba ya bati aliyojengewa na mwanawe wa Dar es Salaam, na ana mikorosho 80. Hapo ndipo kelele zinapozidi: "Bati anayo, korosho anazo, anataka nini tena?" Ila mwaka kabla hajaugua alipeleka AMCOS, chama cha ushirika cha wakulima, kilo 900, na msimu uliopita kilo 140.

La nne ni kijana aliyekatwa vidole viwili na mashine miezi mitano iliyopita kwenye kiwanda cha kubangua korosho. Huyu hana mpinzani. Kila mtu anamwonea huruma na wanataka aandikwe wa kwanza.

Mwenyekiti anashauri wote wanne wasimame mbele ya mkutano, watu wawaone, tupige kura. Nafsi yangu inakataa lakini sina hoja ya kumjibu. Nani kati yao anastahili?

Mjumbe, Newala


Ndugu Mjumbe,

Hoja ya kumjibu mwenyekiti iko ndani ya barua yako mwenyewe. Mkiwasimamisha hao wanne, macho ya watu yataona vidole vilivyokatika na mguu uliosinyaa. Hayataona kifafa, kwa sababu kijana hataanguka kwa amri ya mkutano. Hayataona kilo 760 za korosho zilizopotea shambani kwa mzee. Kura itamwendea mwenye jeraha linaloonekana, na huyo wenu wa vidole ndiye ambaye haki yake kubwa haiko TASAF wala halmashauri. Tena ugonjwa wa mtu ni siri yake. Hakuna kigezo cha mpango wowote kinachodai mtu mzima akunje suruali mbele ya majirani.

Kabla ya jina lolote kusomwa, vunjeni kwanza imani moja, kwamba kuna "pesa ya walemavu" mahali fulani na atakayeipata amemnyang'anya mwingine. Tanzania Bara hakuna posho ya kila mwezi anayolipwa mtu kwa sababu tu ana ulemavu. Wengine wamesikia habari za Zanzibar wakachanganya. Kule Pensheni Jamii ilianza kulipwa Aprili 2016, nayo ni ya umri, miaka 70 na kuendelea. Kijijini kwenu kuna mifuko mitatu isiyohusiana. TASAF inaangalia umasikini wa kaya. Mkopo wa halmashauri unamtaka mwenye ulemavu mwenye shughuli na uwezo wa kurejesha. Fidia ya kuumia kazini inaangalia kama mtu alikuwa mwajiriwa na aliumia akiwa kazini. Kila mfuko una mlango wake, na swali la "nani anateseka zaidi" haliulizwi kwenye mlango wowote kati ya hiyo. Ndiyo maana swali lako la mwisho halina jibu moja.

Nianze na kijana wa kifafa, kwa sababu yeye ndiye anayeonewa zaidi.

Kifafa hakikai mwilini saa zote kama mguu uliopooza. Hata maswali sita yaliyozoeleka kwenye sensa, kuhusu kuona, kusikia, kutembea, kukumbuka, kujihudumia na kuwasiliana, mwenye kifafa anaweza kuyajibu yote "sina shida" siku ambayo hajaanguka. Kwa hiyo majirani zake hawasemi uongo wanaposema wamemwona analima. Wanakosea katika hesabu. Chukua kuanguka mara tatu kwa mwezi, na kila mara siku mbili za kichwa kuuma, usingizi mzito na ulimi uliong'atwa: zimekwenda siku sita. Hizo siku sita siyo hasara kubwa. Hasara kubwa ni kwamba hakuna anayejua ni siku zipi, kwa hiyo hakuna anayemwajiri kwa siku zilizobaki. Mwenye shamba hawezi kumbebesha mashine ya kupulizia salfa (dawa ya mikorosho), yenye petroli na injini ya moto mgongoni, mtu anayeweza kuanguka nayo. Hampandishi juu kupogolea. Hamtumi kisimani peke yake. Kinachobaki ni palizi na kuokota korosho, kazi za malipo madogo, na kwa msimu tu.

Familia ifanye jambo moja kuanzia leo. Wanunue daftari dogo, na kila anapoanguka waandike tarehe, saa, alikuwa anafanya nini, ilichukua dakika ngapi, aliumia wapi, lini aliweza kurudi kazini, na kama siku hiyo alimeza dawa. Miezi miwili au mitatu inatosha kuonyesha picha. Daftari hilo waende nalo kliniki. Hapo ndipo wengi wanapokwama: wanaomba cheti, wanarudi na karatasi iliyoandikwa "ana kifafa" basi. Karatasi hiyo haimsaidii mtu. Wamwombe daktari aandike anaanguka mara ngapi, anatumia dawa gani, na kazi zipi hapaswi kufanya: za moto, za juu, za majini, za mashine. Cheti cha namna hiyo afisa ustawi wa jamii anaweza kukifanyia kazi.

Daftari litaonyesha pia kama anaanguka zaidi dawa zinapokatika. Dawa za kifafa hazikatishwi ghafla, hata akikaa miezi bila kuanguka, maana kukatisha kunaweza kuleta mfululizo wa kuanguka ambao ni hatari kwa uhai. Akianguka, mlazeni ubavu, ondoeni vitu vya kumuumiza, msimtie kijiko mdomoni, hesabuni dakika. Zikipita 5, hospitali. Mate yake hayaambukizi mtu. Semeni hili mkutanoni bila kumtaja jina, kwa sababu wapo wasiomgusa kwa hofu hiyo, halafu haohao wanamwita mvivu.

Je, anastahili TASAF? TASAF haimwandiki yeye, inaandika kaya, yaani watu wanaopika chungu kimoja. Kaya ni ya wazazi wake. Kinachopimwa ni umasikini wa nyumba nzima, na hali yake inaingia humo: mtu mzima anayekula hapo bila kipato cha uhakika. Kaya ikipita, na ikipangiwa kazi za ajira za muda, mwambieni mapema msimamizi kwamba huyu hachimbi lambo wala hafanyi kazi peke yake kando ya maji. Aende mwanakaya mwingine mwenye nguvu, au yeye apewe kazi nyepesi penye watu.

Mama wa genge amehukumiwa kwa kipimo kilichopinduliwa. Anachoomba ni deni. Sheria ya Fedha za Serikali za Mitaa, Sura 290, inaitaka kila halmashauri itenge asilimia 10 ya mapato yake ya ndani kwa mikopo isiyo na riba: 4 kwa wanawake, 4 kwa vijana, 2 kwa watu wenye ulemavu. Anayekopeshwa lazima arudishe. Kumwambia "una duka, usikope" ni kama kumwambia mwenye jembe asipewe mbegu. Genge lake ndilo linaloonyesha atalipa.

Tumia mfano huu kwenye mkutano. Halmashauri ikiwa na mapato ya kugawiwa ya shilingi 1,000,000,000, fungu la watu wenye ulemavu ni 20,000,000 kwa halmashauri nzima. Kikundi kikikopa 4,200,000 kwa miezi 24, na mkataba ukiwapa miezi 3 ya mwanzo ya kujipanga, watarudisha 200,000 kila mwezi kwa miezi 21. Wakifungua siku 26 kwa mwezi, lazima watenge kama 7,700 kila siku kabla hawajala faida. Anayesikia hesabu hiyo hataita tena pesa ya bure.

Utaratibu wake: kikundi kisajiliwe kupitia afisa maendeleo ya jamii, kiwe na katiba, akaunti ya benki, namba za vitambulisho vya taifa (NIDA) za wanachama, muhtasari wa kikao kilichoamua kukopa, na andiko la mradi. Maombi hupitia kwa mtendaji, hufika kata, ndipo halmashauri. Kuhusu idadi ya wanachama, kanuni zimekuwa zikiwalegezea watu wenye ulemavu kuliko makundi mengine, kwa hiyo asikatishwe tamaa na mtu anayemdai alete watu kumi. Aende moja kwa moja kwa afisa maendeleo ya jamii wa kata, aulize kwa kanuni zinazotumika sasa. Mikopo hii ilisitishwa Aprili 2023 baada ya ukaguzi kufichua kasoro, vikiwemo vikundi hewa, ikarudi 2024 kwa utaratibu mpya. Karatasi za zamani zisimpoteze.

Mambo mawili huharibu. Moja ni wazima wanaomwingiza mwenye ulemavu kikundini awe kama muhuri. Jina lake linafungua fungu la asilimia 2, hela ikitoka hajui hata benki iko wapi, na deni likidaiwa anadaiwa naye. Kamati yako iangalie vitu vitatu: yeye ni mmoja wa wanaosaini akaunti? Mali ya mradi inakaa wapi? Alikuwepo kikao cha kuamua mkopo, na sahihi yake ipo? Kama majibu yote matatu yana walakini, msipitishe barua.

Jambo la pili ni la Kusini hasa. Kuanzia Januari mpaka minada ya korosho ianze tena Oktoba, wateja wa genge hukopa kwa ahadi ya "nikilipwa korosho". Mama akipata mkopo Machi, bidhaa zitatoka, daftari la madeni litajaa, na rejesho la halmashauri halisubiri mnada. Aweke kikomo kabla ya kupokea hata shilingi: kwa mfano, madeni ya nje yasizidi robo ya bidhaa zilizopo, na asiyelipa la kwanza hapewi la pili. Ni vigumu kwa mtu anayeishi na wadeni wake, najua. Lakini magenge mengi hufa hapo, wala siyo kwenye mguu wa mwenye genge.

Sasa mzee. Hapa sitakuambia unachotaka kusikia. Inawezekana asipite, na inawezekana kutopita kwake kukawa halali. Utambuzi wa TASAF una hatua zake: mkutano unataja kaya masikini zaidi kwa vigezo mlivyokubaliana, kaya hizo zinajaziwa dodoso nyumbani kwao, majibu yanachakatwa kwa kompyuta, halafu orodha inarudi mkutanoni kuthibitishwa. Dodoso linauliza paa, sakafu, mifugo, shamba, watu wanaoishi hapo. Bati litaandikwa, na lisifichwe. Kaya iliyoficha bati ikigundulika hupoteza hata ukweli wake mwingine.

Lakini ukweli wake mwingine nao uandikwe. Mwana aliyejenga nyumba hali chungu kimoja naye. Yuko Dar es Salaam. Kama anatuma hela, itajwe kiasi gani na mara ngapi. Bati la miaka mingi iliyopita halinunui unga wa leo. Kuhusu mikorosho 80, mti usiopuliziwa unashikwa na ubwiriunga, maua yanakauka, na korosho hazifungi. Kupalilia, kupogolea na kupulizia ndiko kulikokuwa kunaleta kilo 900, na mikono iliyofanya hivyo imepooza upande mmoja. Zamani kila mti ulimpa kilo 11 na zaidi, sasa haufikishi 2. Wanaopiga kelele wanahesabu miti. Mke wa mzee aje na stakabadhi za AMCOS za misimu hiyo miwili azionyeshe kwa anayejaza dodoso. Karatasi mbili hizo zina nguvu kuliko watu ishirini wa kumtetea.

Akipita au asipopita, shamba lisiachwe hivyo. Kaya yenye mgonjwa ndiyo ya kwanza kuingia kwenye kangomba, kuuza korosho zingali mtini kwa bei ya kutupa kwa sababu dawa inatakiwa leo. Afadhali wamkodishe mtu mikorosho kwa maandishi mbele ya mtendaji: idadi ya miti, msimu mmoja au miwili, nani ananunua salfa, nani anapalilia, na mgawo utajwe kwa kilo zilizopimwa AMCOS, siyo kwa "tutaelewana". Na mzee aulizie mazoezi ya viungo hospitalini, Ndanda au Ligula. Mkono na mguu vilivyoachwa bila mazoezi hukakamaa, na mke ndiye anayezidiwa mzigo wa kumgeuza na kumwogesha.

Kijana wa vidole nitamaliza haraka, maana muda wake unakwenda. Huruma ya kijiji isimpotezee haki. Kuumia kazini kunashughulikiwa na Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi, WCF, unaochangiwa na waajiri tangu Julai 2015. Mwajiri alipaswa kutoa taarifa ndani ya siku 7 baada ya kujua ajali, na dai lisizidi miezi 12. Yeye ametumia 5. Akusanye cheti cha matibabu cha siku ile, ushahidi wa kuwa alikuwa kazini (kitambulisho, karatasi ya mahudhurio, malipo ya simu, majina ya wenzake wawili wa zamu hiyo), na aandike barua kwa mwajiri akibaki na nakala iliyogongwa mhuri. Akinyamaziwa, aende mwenyewe WCF au ofisi ya kazi ya mkoa. Madaktari hupima ulemavu kwa asilimia. Ukiwa 30 au chini hulipwa kwa mkupuo, ukizidi hapo hulipwa pensheni kila mwezi. Asikubali "kifuta jasho" na kusaini karatasi asiyoielewa.

Turudi kwenye mkutano. Mwombe mwenyekiti vigezo visomwe kwa sauti kabla ya jina lolote, na kila pingamizi lilenge kigezo kimojawapo. "Ana ng'ombe wanne" ni pingamizi. "Mvivu" siyo, wala "anajifanya". Majina yapingwe kwa kaya, bila kutaja ugonjwa. Maneno "kilema" na "yule kiguru" mwenyekiti ayakate palepale, kwa sababu mtu akishaitwa hivyo mbele ya watoto wake hatasimama tena kudai kitu. Asiyeridhika aandike malalamiko kwa kamati, nakala kwa mratibu wa TASAF wa halmashauri. Waambie wazi pia kwamba kaya mpya huingizwa kwa awamu, msimwahidi mtu mwezi.

Kuna jambo hukuuliza. Sensa ya 2022 ilikuta asilimia 11.2 ya watu wa miaka 7 na kuendelea nchini wana ulemavu wa aina fulani. Kijiji chenye watu 1,000 wa umri huo, kwa wastani huo, kingekuwa na kama 112. Ninyi mnabishana juu ya wanne. Wengine wako wapi? Kiziwi hakusikia kipaza sauti cha tangazo. Mtoto mwenye ulemavu wa akili hayumo kwenye orodha kwa sababu mama yake hakutaka aonekane. Mwenye ualbino hawezi kukaa juani kwa muda wa saa nne kwenye uwanja wa mkutano bila kuungua ngozi. Sheria ya Watu Wenye Ulemavu ya 2010 inataka kila kijiji kiwe na kamati ya watu wenye ulemavu. Kama yenu ipo kwa jina tu, ikutane wiki hii, ipite nyumba kwa nyumba na mabalozi wa nyumba kumi kabla ya siku ya mkutano. Mkutano uwekwe asubuhi, chini ya mwembe, na kiziwi aje na ndugu anayejua ishara zake. Muhtasari uandikwe na kusainiwa palepale, pingamizi zote zikiwemo, na nakala moja ibaki mkononi mwako.